Herufi Yenye Ndoano

"Unamuoza nani, mwenye nyumba?"

Kande aliuliza huku kadi ya harusi, iliyochapwa kwa Kihausa, ameishika mbali na uso, kama mtu anayesoma jina la dawa asiyoiamini. Sagiru, mumewe, alikuwa na bajia ya kunde mdomoni, ya moto, kwa hiyo alijibu kwa kidole. Alielekeza uani, ambako dada yake mdogo, Tabawa, alikuwa amechuchumaa mbele ya sufuria yake ya biashara.

"Anayeolewa namjua. Nakuuliza kadi inasema nani."

"Inasema yeye."

"Haya, sikiliza." Kande akasafisha koo kama mtangazaji. "'Mnaalikwa kwenye ndoa ya Nuhu wa Zaria na Tabawa, magadi ya Sagiru.'"

Bajia ikashuka nzima bila kutafunwa. "Kadi haisemi hivyo."

"Inasema *kanwa*. K tupu, upara mtupu. Ikiwa na ndoano kichwani ni dada mdogo, *ƙanwa*. Bila ndoano ni magadi, haya ya kulainishia maharage. Mimi sikusoma sana, bwana, lakini kupika nimepika." Akasogeza kidole chini ya kadi. "Na hapa, mahali pa wageni. Wageni ni *baƙi*, wana ndoano yao. Wewe umeandika *baki*, mdomo. Kwa hiyo: 'Midomo kutoka Zaria itapokelewa baada ya sala ya adhuhuri.'"

Sagiru aliichukua kadi. Alikuwa na desturi moja iliyomsaidia katika maisha: akikosea, anajicheka kabla watu hawajamcheka, na wakifika wanamkuta ameshamaliza kazi. Ndivyo alivyonusurika shuleni, ndivyo alivyonusurika gereji alikofukuzwa kwa kutia maji kwenye tangi la mafuta, na ndivyo alivyonusurika miaka yote katika kibanda chake cha kuchapa karibu na Kofar Wambai, lango la mji wa Kano.

"Ala!" akapiga paja. "Kano nzima nani mwingine amewahi kumuoza dada yake kama kiungo? Mchapaji hodari! Nikifa andikeni kaburini, 'Hapa amelala Sagiru,' lakini msinipe mimi nichape, mtajikuta mmemzika mbuzi."

Kande hakucheka. "Kadi za Zaria ziko wapi?"

Kicheko kikakatika kama redio iliyoishiwa betri. Kadi za Zaria alimkabidhi dereva wa basi jana asubuhi, zimefungwa vizuri kwa kamba nyekundu, na juu ameandika jina la mpokeaji: Malam Lawwali. Huyo ni baba mdogo wa bwana harusi, ndiye aliyemlea, na ndiye atakayekaa mbele ya imamu kumpokea mke kwa niaba ya ukoo. Maisha yake yote alifundisha Kihausa sekondari. Wanafunzi wake walisema alikuwa akimpiga mtu fimbo moja kwa kila ndoano iliyosahaulika.

"Atajua ni mashine," Sagiru akasema, lakini sauti haikuwa na mtu ndani.

"Na siku ya posa, walipokuja hapa, ulimuuliza nini Malam Lawwali?"

Sagiru akaitazama bajia iliyobaki kwenye sahani. Alikumbuka vizuri. Alikuwa anapigia hesabu mchele. Alimuuliza mzee wa watu, mbele ya watu, "Sasa Malam, hiyo siku mtatuletea midomo mingapi?"

Wakacheka, maana watu wa Kano na watu wa Zaria wanataniana tangu babu zao. Malam Lawwali alicheka pia. Lakini alicheka kidogo, kama mtu anayeweka kitu mfukoni akitumie baadaye.

*

Ubaya wenyewe ulianza siku kompyuta ya zamani ilipotoa moshi.

Ilikuwa kompyuta ya kijivu, nzito kama sinki, na ndani yake mlikuwa na kila kadi Sagiru aliyowahi kuchapa: harusi, majina ya watoto, tanzia, risiti za maduka. Katika siku zile kibodi haikuwa na herufi zenye ndoano, kwa hiyo fundi mmoja mjini alitengeneza mwandiko wa ujanja. Ukibonyeza alama ya reli, ile ya mistari inayokatana, macho yako yanaona *ƙ*. Ukibonyeza alama nyingine unaona ɗ, na nyingine ɓ. Kompyuta moyoni ilijua ni reli. Machoni iliwadanganya watu kwa adabu, na watu wakaoana bila shida.

Kompyuta mpya haikujua uongo huo. Sagiru alipohamishia mafaili yake humo na kufungua kadi ya kwanza, pale penye *ƙanwa* palisomeka *#anwa*. Kadi zote zilikuwa zimeota reli kama kituo cha treni.

"Kompyuta hii ina herufi halisi," alimwambia Barau, jirani yake wa kibanda, mtengeneza fremu za picha. "Kila ndoano ina kiti chake. Kazi ni kuhamisha tu, kutoka kiti cha uongo kwenda kiti cha kweli."

"Moja moja?"

"Moja moja ni kazi ya watu wasio na akili. Mimi naiamuru mara moja. Popote utakapoona reli, weka *ƙ*. Mafaili yote."

"Umeweka nakala pembeni?"

"Barau, nikuulize, wewe ukikata mbao unaweka mbao nyingine pembeni?"

"Naipima kwanza."

Sagiru alibonyeza. Mashine ikaunguruma kidogo, ikatulia. Alifungua kadi moja: *ƙanwa*, safi, na ndoano yake. Akafungua nyingine: safi. Akainuka akazunguka kibanda, mikono nyuma, akimwambia Barau kwamba chuo kikuu kimepoteza mtu.

Kabla ya adhuhuri alikuja mama muuza kuku, mwanamke mpana mwenye sauti ya sokoni, akiwa na karatasi ya bei aliyochapishiwa asubuhi hiyohiyo. Aliibandika kwenye meza kwa kofi.

"Malam Sagiru. Mimi na wewe tuna ugomvi?"

"Hatuna, mama. Kuna nini?"

"Nisomee bei ya jogoo."

Sagiru akasoma. Akaona. Kano nzima, mtu akiandika naira kwa haraka huweka alama ya reli, kwa kuwa alama yenyewe ya naira haipo kwenye vitufe. Katika karatasi za bei reli ilikuwa reli ya kweli, si ya uongo. Na yeye alikuwa amezigeuza zote.

"Jogoo," akasoma polepole, "*ƙ* elfu tatu."

Sasa, herufi hiyo haitamkwi kama k ya kawaida. Inapasuliwa kooni, tak!, kama kizibo kinachotoka. Mtu akiitamka peke yake anasikika kama aliyeshikwa na kwikwi.

"Mteja wangu amesoma hivyohivyo kwa sauti," mama akasema. "Jogoo, kwi! Tetea, kwi! Mayai, kwi! Watu wamekusanyika wakidhani nauza kuku wagonjwa. Umenitia kwikwi dukani, Malam!"

Barau alikuwa ameegemea fremu zake anafuta machozi.

Mama alipoondoka na karatasi yake mpya iliyosahihishwa kwa kalamu, Sagiru alikaa akaifikiria hali yake. Akirudisha kila *ƙ* kuwa reli, bei zitapona, lakini kadi zitarudi kituo cha treni. Akiziacha, kuna wateja lukuki wa bei, na wote wana midomo kama ya muuza kuku. Kupitia faili moja moja kungemchukua mpaka mwezi wa mfungo. Na nakala, kama Barau alivyouliza, hakuweka.

Ndipo kichwa kilipomletea lile wazo. Mawazo ya Sagiru mazuri yalikuja polepole kwa miguu, lakini mabaya yalikuja kwa pikipiki.

"Nakata ndoano zote," akasema. "Herufi zote ziwe tupu. Hata magazeti huandika hivyo. Mhausa gani atashindwa kuelewa?"

"Na bei?"

"Zitabaki na k, lakini bila kwikwi. Nitazisahihisha wakija."

"Umeanza na reli, ukaja kwenye ndoano, sasa unakwenda kwenye upara," Barau akasema. "Ukimaliza kazi utatuachia alfabeti kweli?"

Sagiru akabonyeza. Siku iliyofuata, kutoka mojawapo ya mafaili hayo ya upara, alichapa kadi za dada yake, kwenye karatasi bora kuliko zote alizokuwa nazo, zenye ukingo wa dhahabu. Hakuzisoma. Ni nani asomaye kadi aliyoiandika mwenyewe?

*

Simu ya Zaria iliingia magharibi ya siku ileile Kande aliyoisoma kadi, Sagiru akiwa amekaa zaureni, kile chumba cha mlangoni cha kupokelea wageni. Kande alisimama nyuma ya pazia. Tabawa pia alikuwa nyuma ya pazia, lakini Sagiru hakujua.

"Assalamu alaikum, Malam," Sagiru akaanza, kwa sauti tamu ya mtu anayeuza gari bovu.

"Wa alaikumus salam. Unaongea na mdomo wa Zaria."

"Ah, Malam, hilo nililitaka—"

"Ngoja. Hapa tumekaa midomo kadhaa ya ukoo. Mdomo mkubwa, kaka yangu, anakusalimu. Tumepokea kadi. Karatasi nzuri sana, ina dhahabu. Tunauliza jambo moja tu. Kijana wetu alileta posa kwa binti. Sasa tumeona ni magadi. Tuje na gunia, au mnafungasha wenyewe?"

"Malam, wallahi ni kompyuta. Zamani herufi zilikaa kwenye kiti cha uongo. Sasa nilipozihamisha kwenda kiti cha kweli, bei za kuku zikapata kwikwi, ndipo nikaona—"

"Kuku wamepata kwikwi," Malam Lawwali akarudia polepole, si kwake, bali kwa wenzake waliokaa naye. Kwa mbali mtu akakohoa.

"Bei zao, Malam. Si kuku wenyewe."

"Sagiru, mwanangu. Baba zetu waliandika kwa ajami, kwa herufi za Kiarabu, kwa kalamu ya bua na wino wa masizi. Dada mdogo ana herufi yake, magadi yana yake. Hakuna aliyeozwa kimakosa. Leo wewe una mashine ya umeme. Nakubali, mashine imekosea. Lakini siku ile ya posa, uliponiuliza tutaleta midomo mingapi, ilikuwa ni kompyuta?"

Sagiru alifungua mdomo. Mzaha wake wote, aliokuwa nao mwingi kama mchanga, ukawa haupo.

"Ukoo utakaa," Malam Lawwali akasema. "Tutakujulisha kama tunakuja Ijumaa au hatuji. Usiku mwema."

*

"Ongea nao tena," Kande akasema.

"Nitachapa kadi mpya. Nitatia ndoano kila mahali, hata kwenye nukta."

"Hutachapa kitu."

Aliyesema hivyo ni Tabawa. Alitoka nyuma ya pazia, mikono imejaa unga wa kunde hadi kwenye viwiko. Jioni aliuza *danwake* nje ya nyumba, matonge laini ya kunde yanayoliwa na mafuta na pilipili, na mtaa mzima ulikubali kwamba hakuna anayejua kupima magadi kama yeye. Yakizidi, tonge linakuwa chungu kama sabuni. Yakipungua, linakaa tumboni kama jiwe. Yeye alipima kwa ncha za vidole, bila kuangalia.

"Dada," Sagiru akajaribu kutabasamu, "wewe mwenyewe mpishi, utaona kwamba hapo nilikutukuza. Bila magadi chakula gani—"

"Kaka, usinichekeshe. Yule mchumba wa Katsina uliyemwambia baba yake kwamba joho lake limeshonwa na adui, ulisema ni mzaha. Mtaa ulicheka. Mimi pia nilicheka, maana ni kweli lilikuwa baya. Hawakurudi. Nimeona wadogo zangu wa mtaani wakiolewa, nikiwapikia. Ndoa ngapi nimepika, kaka? Sasa amekuja Nuhu. Anachanja ng'ombe, ananuka ng'ombe, na ananipenda. Ninyi wanaume mnakaa zaureni mnataniana, mkichoka mnasema mmetaniana tu. Mimi ndiye ninayebaki na sufuria."

Sagiru alikuwa mlezi wake tangu wazazi wao walipofariki. Hakuwahi kumnyima kitu, na hakuwahi kumuuliza kitu. Nguo zake zilifuliwa, kunde ziliiva, na kodi ya kibanda, miezi mibaya, ilitoka kwenye kikopo cha danwake bila mtu kutaja. Aliwahi kuwaambia watu kibandani kwamba dada yake hali bure. Walicheka. Alikuwa akiwachekesha siku zote.

"Nifanye nini?" akauliza.

"Lete kadi zilizobaki na kalamu."

Wakakaa mkekani, watatu, na rundo la kadi katikati. Tabawa aliichukua ya kwanza, akatafuta ile k yenye upara, na kwa mkono wa pole akaichorea ndoano. Halafu ya wageni. Akapuliza wino, akaweka pembeni. Kande akafuata. Sagiru akafuata. Ndoano za Kande zilikuwa nene, za mtu mwenye hasira. Za Sagiru zilitetemeka kama mikia ya mjusi.

"Hii umeifanyaje?" Kande akainua moja. "Umeitia ndoano Kano. Kano haina ndoano, bwana. Kano ni k ya kawaida."

"Nimeona imekaa peke yake."

"Sasa unaanza kuzigawa kama sadaka."

Tabawa alicheka. Kidogo tu, puani, huku macho yako kwenye kadi, lakini Sagiru alikisikia kile kicheko kama mtu aliyefunguliwa dirisha.

Kabla hawajamaliza simu ya Tabawa ikalia. Alikuwa Nuhu. Tabawa akasikiliza, akasema "ee", akasema "ee" tena, akaikata.

"Wanakuja," akasema. "Baba mdogo wake amesema watakuja Ijumaa. Lakini amesema hatasoma tena karatasi yoyote inayotoka kwako. Anataka kusikia kwa masikio yake. Mbele ya imamu utasema unamtoa nani. Ukisema mtu, ndoa itafungwa. Ukisema magadi, watanunua magadi na kurudi."

"Huo ni mzaha au kweli?"

"Nuhu anasema hata yeye hajui," Tabawa akasema, akachukua kadi nyingine.

*

Tangu siku hiyo Sagiru alitembea akijipasua koo. "Ƙan-wa," alisema akinyoa. "Ƙan-wa," alisema akifungua kibanda, na mteja akamuuliza kama anahitaji maji. Alizaliwa na herufi hiyo, aliitamka maisha yake yote bila kuifikiria, na sasa kwa kuifikiria ikawa inamponyoka, kama mtu anayejiuliza aanze na mguu upi wakati wa kutembea. Barau alimshauri aache kabisa mpaka Ijumaa, koo lipumzike. Usiku wa kuamkia Ijumaa alinywa uji wa moto wa tangawizi ili kulainisha sauti. Ukamuunguza.

Ijumaa, baada ya sala, wazee walikuwa wamejaa zaureni na kumwagika mpaka barabarani. Goro zilikuwa tayari kwenye sinia, zile kokwa chungu zinazogawiwa ndoa ikishafungwa. Kande na wanawake walikuwa ndani na masufuria. Sagiru alivaa joho lake la bluu, lililopigwa pasi mpaka likasimama peke yake.

Gari la Zaria likafika. Akashuka Malam Lawwali, akashuka kaka yake, wakashuka wengine. Na mtaa mzima ukaona kitu kimoja: kila mtu wa Zaria alikuwa amevaa kilemba na kukishusha mpaka chini ya kidevu, kikafunika mdomo, kikabaki macho tu. Wazee kwa vijana. Hata dereva.

Walisalimu kwa kuinamisha kichwa. Waliketi. Sagiru akasogeza bilauri za maji baridi. Hakuna aliyegusa. Akasogeza sahani ya nyama. Hakuna aliyegusa.

"Malam," imamu akauliza, "kuna ugonjwa Zaria?"

"Hakuna, imamu," Malam Lawwali akajibu kupitia kitambaa. "Tulialikwa kama midomo. Tukasema, tusimtie mwenyeji gharama. Midomo tumeifungasha."

Wazee wa Kano wakaangua kicheko. Mmoja akampiga Sagiru mgongoni, "Umepatikana!" Sagiru alicheka nao, kwa kuwa hakujua uso wake uende wapi, lakini jasho lilikuwa limeanza kuteremka ndani ya joho. Aliyaangalia macho ya Malam Lawwali juu ya kilemba. Hayakucheka.

Imamu akaanza. Mahari ikatajwa, ikawekwa mbele, ikahesabiwa. Sasa ikawa zamu ya mlezi.

"Sagiru, unamtoa nani kwa Nuhu?"

Sagiru akavuta pumzi. Ulimi ulikuwa umekauka, na lile koo lililoungua lilikuwa kama ngozi ya ngoma iliyoachwa juani. Akafungua mdomo.

"Namtoa Tabawa, *kanwa* yangu."

Laini kabisa. Tupu. Upara.

Mtu mmoja wa Kano alifinya kicheko, kikamtoka kwa pembeni. Mwingine akakifuata. Watu wa Zaria walikaa kama walivyokaa. Malam Lawwali akageuza kichwa taratibu.

"Imamu, umesikia?"

"Koo lake limekauka, Malam."

"Nilisikia magadi."

Zamani Sagiru angejua la kufanya. Angelipasua lile zaure kwa vicheko, angejivika ujinga kama kofia, na watu wangeondoka wakisema Sagiru hana mfano. Neno lilikuwa tayari mdomoni. Ndani, nyuma ya ukuta, masufuria yalikuwa yamenyamaza. Wanawake walikuwa wanasikiliza, na miongoni mwao alikuwepo aliyebaki na sufuria.

"Umesikia sawa, Malam," Sagiru akasema.

Vicheko vikaisha.

"Nilisema magadi. Mashine ilisema magadi, na kabla ya mashine nilisema mimi, kila siku, kwa matendo. Katika nyumba yangu kila kigumu kimelainishwa na huyo. Kodi ikiwa ngumu, yeye. Mke wangu na mimi tukikazana, yeye. Mdomo wangu ukimuumiza mtu, yeye ndiye anayepeleka sahani ya danwake kwa jirani, na asubuhi nasalimiwa, nami nadhani ni kwa uzuri wangu. Nilimtia kidogokidogo kwenye kila sufuria, na sikuwahi kutaja jina lake nilipokuwa nasifu chakula." Akameza mate, yaliuma. "Na siku ile nilipouliza midomo mingapi haikuwa kompyuta. Nilikuwa mimi. Niliogopa mchele. Nisameheni, wageni wangu."

"Wageni wako wepi?" Malam Lawwali akauliza polepole. "Sema neno lenyewe."

"*Baƙi*," Sagiru akasema, na herufi ikapasuka kooni, tak!, kavu na safi, kwa kuwa safari hii hakuifikiria.

"Na unamtoa nani?"

"*Ƙanwata*. Mdogo wangu. Tabawa."

Lilitoka kwa kishindo kiasi kwamba mbuzi aliyefungwa nje aliinua kichwa. Malam Lawwali akapeleka mkono kwenye kilemba, akakivuta chini, na mdomo ukaonekana, mdomo mpana wa mwalimu, umebanwa pembeni kwa nguvu usicheke.

"Tumempokea," akasema. "Imamu, funga ndoa kabla mtu huyu hajakohoa."

Vilemba vyote vikashuka kwa pamoja. Goro zikarushwa. Kwa ndani wanawake wakapiga vigelegele, na katikati yake ilisikika sauti ya Kande ikiuliza kama sasa midomo inaweza kupakuliwa. Watu wa Zaria walikula vya siku ile na vya kesho yake. Malam Lawwali alirudia danwake mara tatu, na alipoaga alimshika Sagiru mkono, akamwambia kwamba kadi yake ameitia fremu na kuitundika sebuleni, ili wajukuu wajifunze tahajia.

*

Jumapili nyumba ilikuwa pana mno. Sagiru alirudi kutoka kibandani na njaa. Tangu asubuhi alikuwa anahamisha mafaili, moja moja, kila reli akiiuliza kwanza wewe ni nani, na kila faili akiliwekea nakala pembeni. Barau alikuja kushuhudia, akasema atamletea fremu.

Kande alimpakulia maharage. Sagiru akatia kijiko mdomoni. Akatafuna. Akaendelea kutafuna. Yalikuwa kama changarawe.

"Kande, haya yamewekwa jikoni lini?"

"Tangu asubuhi."

"Mbona magumu hivi?"

Kande alikaa mkabala naye, akavuta sahani yake, akaanza kutafuna vilevile, polepole, taya zikifanya kazi.

"Unauliza mimi?" akasema. "Magadi uliyaoza Ijumaa."

Sagiru alitaka kucheka. Alitafuna kwanza.